Pacha wetu: wa kike kaacha oksijeni kesho yake, wa kiume siku ya saba. Kweli homoni ndizo zinazokausha maji ya mapafu?

#1 BabaKulwa
Wakuu, heshima kwenu. Naenda moja kwa moja.

Mwezi wa tatu mke wangu alijifungua pacha, mimba ikiwa na wiki 31. Presha ilimpanda usiku, kukicha akaingizwa chumba cha upasuaji, uchungu hata hakuuonja. Kulwa wa kiume, kilo 1.6. Doto wa kike, kilo 1.35. Mimi na akili zangu za sokoni nikasema huyu wa 1.6 hana shida, wa kumhangaikia ni binti.

Nilichokikuta wodini ni kinyume. Binti alikaa kwenye ile mashine ya kupuliza hewa puani, manesi wanaiita sipapu, kesho yake saa kumi jioni wakamtoa, kalala zake. Kulwa sasa! Kila akivuta pumzi kifua kinabonyea mpaka chini ya mbavu panafanya shimo, na anaguna, "nnh, nnh", kama mzee anayeinuka kwenye kiti. Nilikuwa nahesabu pumzi kwa saa ya simu: 78 kwa dakika. Kuna bomba la hiyo mashine limezamishwa kwenye chupa ya maji. Mapovu yakitoka napata amani, yakipungua namwita nesi. Siku saba.

Siku ya nne nikamuuliza nesi mmoja mtu mzima, mbona mwenzake kapona, huyu bado? Akajibu bila kugeuka, anavuta dawa kwenye bomba la sindano: "Wa kike wana homoni zinazokausha maji ya mapafuni. Wa kiume tumewazoea." Akaenda kitanda kingine.

Swali langu: hawa wamelala tumbo moja, mama mmoja. Kama homoni ni za mama, zimewafikia wote. Kwa nini zimkaushe mmoja na mwingine zimwache na maji yake? Nesi alinipoza tu au kuna ukweli?

#2 Kijukuu cha Mbagala
Nimetandika mkeka. Waje wataalamu.

#3 MzeeKisutu
Hongera baba. Mtoto wa miezi saba anapona, wa miezi nane ndiye wa kuogopa. Hao wako wamewahi kutoka saba, ndiyo salama yao. Hizi habari za homoni ni za juzi.

#4 NesiZamuYaUsiku
Mzee wangu #3 shikamoo, ila hiyo ya saba na nane iache barazani. Kila wiki anayoongeza tumboni ni faida. Wa wiki 34 tunahangaika naye kidogo kuliko wa 31, na hilo silisomi kitabuni, naliona kila zamu.

BabaKulwa, mwenzangu hakukupoza, kakufupishia. Mtoto akiwa tumboni mapafu yake hayana hewa, yamejaa maji. Na si maji ya chupa aliyoyameza kama wengi wanavyodhani. Mapafu yenyewe ndiyo yanayoyatengeneza, na yanayahitaji ili yatanuke na kukua. Kwa aliyetimiza miezi ni kama mililita 20 hadi 30 kwa kila kilo, yaani mtoto wa kilo tatu ana ujazo wa kikombe kimoja cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Siku ya kuzaliwa yale maji lazima yapishe hewa, na mengi hayatoki mdomoni. Yanafyonzwa na kuta za vifuko vya hewa, yanarudi mwilini.

Yanafyonzwaje? Kata vitunguu vya kachumbari, nyunyizia chumvi, rudi baada ya robo saa uone bakuli. Chumvi ilipo, maji yanaifuata. Seli za ukuta wa pafu zina vimilango vinavyoingiza sodiamu kutoka upande wa hewa, na upande wa pili zina pampu zinazoisukuma kwenda mwilini. Maji yanafuata nyuma. Mimba ikikaribia kutimia milango inaongezeka na pampu zinashika kasi. Njiti anatoka kabla fundi hajamaliza kufunga. Na njiti wa kiume kwa wastani anasumbuka zaidi ya wa kike wa umri uleule. Hilo ukienda wodi yoyote ya njiti watakwambia.

Kwa nini, nawaachia wenye vitabu. Naingia zamu.

#5 FundiPampu_Moro
Kumbe mapafu ni kazi yetu. Kisima kina maji, pampu ipo, umeme haujafika. Hongera nesi, leo nimeelewa kitu kuhusu mwili wangu kwa lugha ya kazini.

#6 BintiMakunduchi
Bibi yangu alikuwa mkunga. Mtoto akitoka alikuwa anamshika miguu kichwa chini, anampiga kofi la makalio "maji yatoke". Kwa maelezo ya #4 ina maana bibi alikuwa anawapiga watu bure?

#7 NesiZamuYaUsiku
@BintiMakunduchi Matone yaliyoko mdomoni na puani yatatoka, na kubanwa wakati wa kuzaliwa kunasukuma kiasi. Lakini kile kikombe cha kahawa hakimwagiki kwa kumning'iniza mtu. Siku hizi tunamkausha kwa kitambaa na kumsugua mgongo. Bibi tumsamehe, makofi yale yalimfanya mtoto alie, na kulia kunavuta hewa.

#8 Mdau_Kahama
Maji ya mapafu yanatolewa kwa sindano mbona. Baba yangu mdogo walimchoma ubavuni wakatoa lita moja na nusu, rangi kama chai ya rangi. Kwa nini wasimfanyie mtoto?

#9 TabibuWaKata
#8 hapo umechanganya nyumba na uwanja. Ya baba mdogo yalikuwa nje ya pafu, kati ya pafu na mbavu. Hayo yanachomwa, na kwetu huku jambo la kwanza kulitafuta ni kifua kikuu. Haya ya uzi huu yako ndani ya vifuko vyenyewe, vifuko mamilioni. Utachoma kipi?

#10 ChumaHakidanganyi
Jibu ni rahisi: testosteroni, homoni ya kiume. Mtoto wa kiume anaanza kuitengeneza akiwa tumboni, inaziba ile milango ya sodiamu. Uanaume una gharama zake, ndiyo maana hata uzeeni tunatangulia. Uzi ufungwe.

#11 Mnyakyusa_Leipzig
Usifungwe kwanza. Niko Leipzig kimasomo, na hapa kuna kundi la watafiti wa watoto wachanga ambalo limeshughulika na swali hilihili la BabaKulwa. Walichukua seli za mapafu ya vijusi vya panya, wakatenga za dume na za jike, wakapima umeme wa sodiamu inayopita kwenye utando wa seli. Mwaka 2015 wakatoa matokeo: za jike zinapitisha sodiamu nyingi kuliko za dume.

Mwaka 2017 wakaja na la pili, na hapa #10 ukae vizuri. Waliziwekea homoni moja moja. Testosteroni haikufanya lolote, si kwa dume si kwa jike. Dihidrotestosteroni, yule ndugu yake mwenye nguvu zaidi, ilipunguza kidogo, na kwa dume tu. Wakaweka dawa ya kuziba masikio ya seli zisisikie homoni za kiume: tofauti ya dume na jike ikabaki palepale. Estrojeni na projesteroni ndizo zilizoongeza milango na usafirishaji, hasa kwenye seli za jike. Na walipozuia seli zisisikie estrojeni, tofauti ikafutika.

Kwa hiyo mzizi hauko kwenye homoni za kiume kuziba. Uko kwenye homoni za kike kufungua, na seli za kike kuzisikia zaidi.

#12 BabaKulwa
Mkuu #11 hapo umenigusa. Yaani estrojeni ya mama imewapitia wote wawili, ila Doto kasikia, Kulwa kalala?

#13 Mnyakyusa_Leipzig
Ndivyo majaribio yale yanavyoelekea. Adhana ni moja, wanaoamka ndio wanatofautiana. Ila kumbuka ni seli za panya kwenye chombo, si Kulwa.

#14 Kijukuu cha Mbagala
Wanaume kutosikia kumbe kunaanzia tumboni. Mke wangu asiuone uzi huu.

#15 TabibuWaKata
Mmeyakimbilia maji mmeusahau utandu. Vifuko vya hewa kwa ndani vimepakwa kitu kama sabuni, surfaktanti. Isipokuwepo, kuta zinagandana. Chukua mfuko wa nailoni uliolowa ujaribu kuufungua kwa kupuliza, utaelewa kazi aliyokuwa nayo Kulwa. Ule mguno una maana: mtoto anabana koo wakati wa kutoa pumzi ili hewa isiishe ndani, vifuko visigandane. Sipapu inamfanyia hivyohivyo kwa mashine, apumzike.

Sasa kwenye sabuni, #10 si mjinga kama mlivyomfanya. Homoni za kiume zinachelewesha utengenezaji wake. Kwenye maji ya uzazi, dalili za mapafu kukomaa zinatangulia kwa wa kike kama wiki moja hadi mbili. Kwa wiki 31, wiki mbili ni umri.

Mimi nasema Kulwa aliteswa na ukosefu wa sabuni. Maji ya kuchelewa kukauka peke yake kwa kawaida yanaisha ndani ya siku tatu. Siku saba si maji.

#16 ChumaHakidanganyi
Asante tabibu. Nasubiri kuombwa radhi na Ujerumani.

#17 MamaTatu_Dodoma
Hamjauliza nani alitoka wa kwanza! Pacha wa pili ndiye anayesumbuka mapafu, niliambiwa hivyo nilipojifungua wangu. Na wangu ilikuwa kweli, wote wa kike, wa pili ndiye aliyewekwa oksijeni.

#18 NesiZamuYaUsiku
Kweli dada, pacha wa pili ana hatari zaidi. Lakini soma majina. Kulwa ndiye aliyetangulia, Doto kafuata. Hapa sheria yako imepinduka.

#19 MamaTatu_Dodoma
Labda daktari aliwachanganya wakati wa kuwatoa 😂

#20 BabaKulwa
Hawakuchanganywa dada, tofauti inaonekana kwa macho 😂

#21 Maktaba_ya_Ujiji
Kwa kumbukumbu: mtoto wa rais wa Marekani John F. Kennedy, aliyeitwa Patrick, alizaliwa Agosti 1963 kabla ya wakati kwa wiki tano na nusu, kilo 2.1 hivi, kwa upasuaji. Wa kiume. Aliishi saa 39 akafa kwa tatizo hilihili la mapafu. Miaka minne tu nyuma, 1959, watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead walikuwa wameonyesha kwamba watoto hawa wanapungukiwa na hiyo sabuni ya #15. Chanzo kilijulikana, dawa hakuna. Mtoto wa ikulu alishindwa pale ambapo Kulwa wa kilo 1.6 kapita. Hebu lifikirieni hilo mnapozitukana hospitali zetu.

#22 MpagaziMachame
Naomba kuingiza ya mlimani. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka tisa. Kuna wageni wanajaa maji mapafuni wakiwa watu wazima wenye afya. Usiku kambi ya Barafu, mita 4,673, unasikia mtu anakohoa hemani, ukiweka sikio mgongoni panalia kama karatasi inakunjwa. Akianza kutema povu la rangi ya waridi hapo hakuna mjadala, machela ya tairi moja, oksijeni, kushuka usikuusiku. Kushuka ndiyo dawa. Niliowashusha mimi ni wanne, wote wanaume. Hizo homoni zenu zinafika mpaka huko?

#23 Mnyakyusa_Leipzig
Mkuu #22 umeleta dhahabu. Wanaume wanatajwa kuwa kwenye hatari zaidi ya hayo maji ya mlimani. Kule juu oksijeni ikipungua mishipa ya mapafu inabana, presha inapanda, maji yanavuja. Hiyo ni kuvuja. Lakini kukausha nako kumo: mwaka 2002 kuna utafiti wa wapanda milima waliokuwa tayari wanajulikana kuugua hivyo. Waliovuta salmeteroli, dawa ya pumu inayoamsha pampu za sodiamu, waliugua chini ya nusu ya wasioivuta. Halafu projesteroni inamfanya mtu avute hewa nyingi zaidi, hiyo nayo inasaidia mlimani.

#24 HesabuKwanza
Ngojeni. Mpagazi, katika wageni mia uliowapandisha wanawake ni wangapi? Na nani anayekimbia njiani kumwonyesha mwenzake kwamba yeye ni chuma? Wanne wote wanaume inaweza kuwa hesabu ya kiburi, si ya homoni.

#25 MpagaziMachame
Wanawake siku hizi ni wengi, karibu nusu. Ila kwenye "pole pole" umesema kweli, wanawake wanasikia. Mmoja kati ya wale wanne alitupita wapagazi siku ya kwanza anaimba.

#26 DadaWaLeeds
Nafanya kazi chumba cha wagonjwa mahututi, Uingereza. Kwa watu wazima tofauti ipo pia. Mwaka 2001 madaktari wa San Francisco walipima wagonjwa 79 waliojaa maji mapafuni kwa ugonjwa mkali, wakawa wanachota maji kidogo kupitia bomba la kupumulia na kuangalia protini inavyozidi kukolea. Ikikolea haraka, maji yanafyonzwa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa ukaushaji wao ulikuwa umeharibika. Waliokuwa wanakausha kwa kasi walipona zaidi, na kati yao wanawake walikuwa wengi kwa uwiano.

Lakini jamani msiruke kwenye dawa. Wazo lilelile la #23, kuamsha pampu, lilijaribiwa huku kwetu kwa wagonjwa mahututi: dripu ya salbutamoli. Jaribio dogo likapendeza, maji yalipungua. Jaribio kubwa likasimamishwa kabla ya kwisha, matokeo yakatoka 2012: waliopewa dawa walikufa zaidi. Pampu unaweza kuiamsha, na moyo nao ukaamka vibaya.

#27 FundiPampu_Moro
Umeme mwingi unaunguza mota. Hili nalo nalijua.

#28 Mdau_Kahama
Basi wapeni njiti wa kiume vidonge vya majira tuone.

#29 NesiZamuYaUsiku
Wewe #28 😂 Vidonge vya majira unavijua sana inaonekana.

#30 Mnyakyusa_Leipzig
Mnacheka, ila wazo karibu na hilo lilishajaribiwa huku, mji wa Ulm. Hoja yao ilikuwa hivi: kondo la nyuma linatengeneza estrojeni na projesteroni kwa wingi, na kadiri mimba inavyokwenda mbele ndivyo zinavyopanda. Mtoto akizaliwa, kondo limekatwa, homoni zinaporomoka ndani ya siku moja. Aliyetimiza miezi haathiriki, keshakomaa. Njiti anakatiwa wakati ndiyo kwanza anazihitaji. Wakawapa njiti wadogo kabisa homoni zote mbili baada ya kuzaliwa. Jaribio la awali lilileta matumaini kwa mapafu, kubwa lililofuata halikuonyesha tofauti ya kutosha kuifanya dawa ya kila siku. Huenda kipimo, huenda muda, huenda wazo lenyewe.

#31 OderoKisumu
Wadau, nawasoma kutoka Kisumu. Homoni ambayo kweli inapewa ni nyingine kabisa, deksamethasoni, ile sindano ya kukomaza mapafu anayodungwa mama. Mwanzo wake ni kondoo wa New Zealand, kisha madaktari Liggins na Howie wakatoa matokeo kwa binadamu 1972, wakitumia ndugu yake, betamethasoni. Inaongeza sabuni ya #15 na inafungua milango ya #4, kwa hiyo nyote wawili mmetosheka. Utafiti wa 2020 ulioshirikisha Kenya, Nigeria, India, Pakistani na Bangladeshi: watoto waliokufa walikuwa asilimia 19.6 kwa waliodungwa na 23.5 kwa wasiodungwa. Lakini ule wa 2015, Kenya tulikuwamo pia, sindano ilienezwa mpaka vituo vidogo, na vifo vya watoto kwa jumla vikaongezeka. Dawa moja. Tofauti ni hospitali, kujua umri wa mimba, na maambukizi ya mama.

BabaKulwa, mama alidungwa ngapi?

#32 BabaKulwa
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema mbili, ilikuwa ziwe nne, upasuaji ukawahi.

#33 TabibuWaKata
Nne kila baada ya saa 12, ndiyo utaratibu. Mbili ni nusu safari.

#34 BintiMakunduchi
Na upasuaji wenyewe? Dada yangu mtoto wake alitimiza miezi yote, kapasuliwa kwa miadi bila uchungu, mtoto akahema mbiombio siku mbili. Wa kike huyo! Daktari alisema uchungu ndio unaoambia mapafu "funga bomba". Kwa hiyo hapa jinsia haina kesi.

#35 NesiZamuYaUsiku
Daktari wa dada yako kasema kweli. Wakati wa uchungu mtoto mwenyewe anamwaga adrenalini, inageuza mapafu kutoka kutengeneza maji kwenda kuyafyonza. Wa miadi wanalikosa hilo. Wa kike wanaugua, mi sijasema hawaugui. Nimesema kwa wastani. Lakini Kulwa na Doto wote walikosa uchungu, wote walipata sindano mbili. Tunarudi palepale alipoanzia baba yao.

#36 HesabuKwanza
Tunarudi kwenye watoto wawili. Kwa watoto wawili hata shilingi ukiirusha inakupa jibu. Doto angeweza kuwa na bahati tu.

#37 MzeeKisutu
Nilisema miezi saba. Wamepona au hawajapona?

#38 TabibuWaKata
BabaKulwa, maliza ubishi. Una karatasi ya majibu ya picha ya kifua? Isome. Wakiandika mapafu yote meupe kama kioo chenye ukungu, ni sabuni, mimi nimeshinda. Wakiandika kuna mstari wa maji kati ya vipande vya pafu, kashinda nesi.

#39 BabaKulwa
Nimeifukua kwenye begi la kliniki. Mwandiko ni wa kupiga ramli, nimemwita jirani mwanafunzi wa uuguzi tusaidiane. Kulwa, siku ya kwanza: "ukungu kama kioo pande zote mbili". Chini yake: "maji kwenye mstari wa pafu la kulia".

#40 NesiZamuYaUsiku
Mstari huo hapo.

#41 TabibuWaKata
Ukungu umetajwa kwanza.

#42 Kijukuu cha Mbagala
Nauzungusha mkeka upande wa pili. Na ya Doto inasemaje?

#43 BabaKulwa
Doto hakupigwa picha. Alikuwa amelala.